Jiko la gesi linasumbua: dalili, chanzo, na pale pa kumwachia fundi

Jiko la gesi likisumbua, wa kwanza kulaumiwa ni muuza mitungi. Mara nyingi anaonewa. Ukiiweka kando mitungi iliyojazwa kwa njia za panya, hitilafu nyingi ziko kwenye vitu vinne vitano vilivyopo kati ya mdomo wa mtungi na sufuria: raba ndogo nyeusi ya kwenye valvu, regulata inayoshusha mgandamizo wa gesi, mpira, nozeli inayoipulizia gesi bana, na bana yenyewe, yaani kile chuma kinachotoa moto. Vyote hivyo mwenye nyumba anaweza kuvikagua bila kufungua kitu kisichomhusu.

Maelezo haya ni ya majiko yanayotumia mitungi ya LPG: ule wa kilo 3 au 6 wenye bana inayokaa juu yake (Wakenya huuita meko), na ule mkubwa, kilo 13 Kenya na 15 Tanzania, unaolisha jiko la plate mbili au jiko la oveni kupitia mpira. Andaa nusu glasi ya maji yenye kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani, bisibisi bapa, tochi na, ukiweza kupata, mizani. Spana iache ilipo. Raba hubana kwa kukaa vizuri, si kwa nguvu, na anayekaza kwa hasira huishia kuharibu nyuzi za valvu.

Jambo moja kuhusu gesi yenyewe, maana ndilo linaloeleza nusu ya maonyo yaliyomo humu. LPG ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani kama mara 1.5, butani kama mara 2. Ikivuja haipandi darini. Inashuka sakafuni na kutambaa kama maji, ikitafuta penye bonde: uvunguni, chini ya ngazi, kwenye tundu la maji machafu. Hewa ikishachanganyika na gesi hiyo kwa asilimia 2 tu, cheche moja inatosha. Ndiyo maana mtungi hauwekwi stoo, wala kwenye kabati lisilo na matundu chini, wala karibu na shimo lolote.

Nasikia harufu ya gesi

Gesi hii kwa asili haina harufu. Ile inayonuka kama kabichi bovu imetiwa makusudi ili ukurupuke, kwa hiyo kurupuka. Kabla ya kutafuta chanzo:

Funga gesi kwenye mtungi. Valvu ya gurudumu izungushe kuelekea kulia. Regulata ya kubofya izime au ichomoe. Kama kuna jiko la mkaa, mshumaa, sigara au chetezo cha udi kinachowaka, zima kama kiko mbali na harufu. Kama kiko palepale, usikisogelee, toa watu. Swichi ya taa usiiguse, si kuwasha wala kuzima, na plagi ya friji usiichomoe, kwa sababu cheche hutoka wakati wa kugusanisha na wakati wa kuachanisha. Taa inayowaka iache iwake. Feni vilevile. Fungua mlango kabla ya dirisha, kwa kuwa gesi iko chini na mlango ndio unaofika chini. Kisha toka, na simu ipige ukiwa nje: 114 kwa Zimamoto Tanzania, 999 au 112 Kenya.

Harufu ikishaisha kabisa, rudi utafute. Vyanzo, kuanzia kile cha kila siku:

Nobu ya jiko haikufungwa vizuri, au uji ulichemka ukamwagika ukazima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Hili halihitaji fundi, linahitaji mtu asiyeondoka jikoni.

Regulata au bana haikukaa sawa baada ya kubadilisha mtungi. Iondoe, utazame raba iliyo mdomoni mwa valvu au kwenye ncha ya bana. Iguse kwa kidole. Nzima ni laini na ina duara kamili. Iliyochoka imebapa upande mmoja, imekauka, au ina ufa kama wa kucha. Badilisha kwa raba iliyotengenezwa kwa ajili ya gesi. Ile ya bomba la maji huingia vizuri siku ya kwanza, kisha huvimba na kulainika. Na raba ikiwa imebaki ndani ya mtungi ulioletwa, au haimo kabisa, rudisha mtungi kwa muuzaji. Usichokoe mdomo wa valvu kwa bisibisi.

Mpira umechoka. Upinde polepole karibu na ncha zote mbili, kwani ndipo unapopasuka kwanza. Ukiona nyufa ndogondogo kama za matope yaliyokauka, usikate kipande kibovu na kurudishia kilichobaki. Nunua mpya wa gesi wenye tarehe iliyochapwa ubavuni, na ubadilishe kabla tarehe hiyo haijapita. Pasipo na tarehe ya mwisho, miaka 2 au 3 inatosha hata kama unaonekana mzima. Urefu wa mita 1.5 unatosha jikoni. Usiupitishe nyuma ya oveni yenye moto wala kwenye tundu la ukuta, na kila ncha iwe na klipu ya chuma iliyokazwa kwa bisibisi. Waya wa kufungia si klipu.

Valvu ya mtungi inavuja yenyewe. Utaijua: umeondoa regulata na bado inazomea au sabuni inatoa mapovu. Hapo kazi yako imekwisha. Peleka mtungi nje mahali pa wazi, ukiwa wima, mbali na moto na mashimo, halafu mwite muuzaji.

Nyumbani, jaribio la sabuni ndilo la kuaminika. Fungua gesi ya mtungi huku nobu za jiko zimefungwa, paka maji ya sabuni kwa mswaki kwenye valvu, maungio ya regulata, ncha za mpira na shingo ya nobu, kisha hesabu polepole hadi 30. Uvujaji mkubwa hutoa povu mara moja. Mdogo ndio wa kuvizia: kiputo kimoja kinajitunga, kinakua, kinapasuka, kinajitunga tena palepale, kama povu la mdomo wa kaa. Ukiona hivyo, usizibe kwa ubani wa kutafuna, wala kipande cha sabuni, wala utepe wa tyubu ya baiskeli. Tepu nyeupe ya mabomba nayo haina kazi kwenye maungio yanayobanwa na raba; huizuia raba isikae.

Kuna harufu moja isiyo ya uvujaji. Mtungi ukikaribia kuisha, kile kinukishi hubaki kwa wingi chini, na gesi ya mwisho hunuka zaidi jiko linapowaka. Pima kwa sabuni hata hivyo.

Nimebadilisha mtungi, gesi haitoki kabisa

Anza na lililo wazi: valvu ya mtungi imefunguliwa? Gurudumu hufunguliwa kuelekea kushoto. Baadhi ya regulata za kufunga kwa nati zina nyuzi za kushoto, yaani hukazwa kwa kuzungusha upande unaolegezea nati za kawaida. Anayelazimisha upande wa kulia huharibu nyuzi na kudhani mtungi ni mbovu.

Kisha angalia kama regulata ni saizi ya valvu hiyo. Zipo za milimita 20, 22 na 27, na tofauti ya milimita 2 haionekani kwa macho ya haraka. Ikiingia kwa kulazimishwa, au ikiingia na kuchezacheza, si yake. Chukua regulata mkononi unapokwenda kununua mtungi wa kampuni nyingine.

Kama regulata yako ina saa ya kupimia na kitufe juu, huenda kinga yake imejifunga. Kifaa hicho hukata gesi kikihisi inatoka kwa kasi isiyo ya kawaida, na ukifungua ghafla huku nobu ya jiko iko wazi, kinadhani mpira umekatika. Funga nobu zote, bonyeza kitufe cha juu mara mbili tatu, kisha washa. Kikikata tena na tena, usikibishie. Tafuta uvujaji.

Mpira mpya umejaa hewa, kwa hiyo kiberiti cha kwanza kinaweza kukosa. Funga, subiri dakika moja gesi iliyotoka itawanyike, jaribu tena. Na saa ile ya regulata isikudanganye: inaonyesha mgandamizo, si kiasi. Mgandamizo hubaki palepale maadamu kuna gesi ya maji (yaani gesi ikiwa kimiminika) chini ya mtungi, kisha huporomoka siku ile ile mnaishiwa.

Moto ni wa njano na sufuria zinapiga masizi

Moto uliokamilika ni wa buluu, na ndani yake kuna vipembe vidogo vya buluu iliyokolea vilivyosimama juu ya kila tundu. Njano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, kaboni inabaki bila kuungua, nayo ndiyo masizi. Kuna jambo baya zaidi linalotoka pamoja nayo, tutalifikia kwenye dalili ya kichwa kuuma.

Wakazi wa pwani, tofautisheni kwanza. Vimulimuli vya rangi ya chungwa vinavyokuja na kupotea ndani ya moto wa buluu ni chumvi: maji ya wali yaliyomwagikia bana, au hewa ya bahari yenyewe. Sodiamu huwaka rangi hiyo. Haipaki masizi na haina neno. Moto wa kusumbua ni ule wa njano tulivu, mrefu, unaolamba ubavu wa sufuria.

Sababu ya kawaida kabisa ni kofia ya bana iliyorudishwa kombo baada ya kuoshwa. Inyanyue ikiwa baridi, izungushe mpaka ikae bila kuyumba. Ya pili ni uchafu. Kofia na bana huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, matundu husuguliwa kwa mswaki, na vyote hukauka kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Ya tatu haionekani kwa juu: chini ya jiko, pale nozeli inapopulizia gesi ndani ya bomba la bana, kuna mlango wa hewa. Buibui hupenda kufunga nyumba humo, na vumbi la unga na mafuta huufunga polepole. Funga gesi, geuza jiko, mulika kwa tochi, safisha kwa brashi kavu.

Nozeli ni kijiti cha shaba chenye tundu jembamba. Namba iliyochongwa juu yake ni kipimo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 85 maana yake milimita 0.85. Ikiziba, toa uchafu kwa uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia, au ibadilishe. Sindano ya cherehani hapana. Shaba ni laini. Unapanua tundu kidogo tu bila kujua, na jiko linakula gesi nyingi na kutoa njano maisha yake yote.

Hapa ndipo yanapoingia majiko ya mtumba kutoka Ulaya. Mengi yalitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ambayo ni methani, na nozeli zake zina matundu makubwa zaidi: bana kubwa ya LPG hutumia namba zinazokaribia 85, ya gesi asilia hufika 115 au zaidi. Jiko hilo ukiliunga kwenye mtungi, moto unatoka kama mwenge. Kinyume chake kipo pia. Kwenye nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zilizounganishwa na gesi asilia ya TPDC, shirika la petroli la Tanzania, jiko lililotoka kwenye mtungi litatoa moto dhaifu wa kuhurumiwa. Kote kuwili dawa ni kubadilisha seti nzima ya nozeli na kurekebisha mlango wa hewa, kazi ya fundi mwenye seti ya jiko hilo. Kuchimba nozeli kwa drili si kubadilisha.

Kama mtungi umelazwa, usimamishe sasa hivi na usiwashe kwa nusu saa. Ukiulaza, gesi ya maji huingia kwenye mpira, nayo ikifika kwenye bana inakuwa gesi kama mara 250 ya ujazo wake.

Bana inapiga "pu!" au inavuma kama tochi ya kuchomelea

Mlio wa pu wakati wa kuzima, mara moja, si ugonjwa. Ukiwa unarudia, au ukasikia mvumo wa ndani huku moto wa juu umepotea, moto umerudi kuwaka kwenye nozeli. Funga nobu mara moja, acha bana ipoe dakika 5. Ukiiacha iendelee, nobu inayeyuka na raba zinaungua. Chanzo huwa kofia iliyokaa kombo, moto ulioshushwa kupita kiasi, au mtungi unaoelekea kuisha. Bana iliyopasuka au kutobolewa na kutu nayo hufanya hivyo, na hiyo haichomelewi, hubadilishwa.

Kinyume chake ni moto unaoruka juu ya bana na kupiga kelele. Upepo ukiwa umeondolewa lawamani, tazama regulata. Ile ya nyumbani hushusha mgandamizo kutoka bar kadhaa za ndani ya mtungi hadi milibar 30 hivi. Ile yenye mpini wa kurekebisha, wanayotumia wauza chipsi kwa majiko yao ya mvumo, hupitisha mgandamizo mkubwa zaidi kwa mbali. Kwenye jiko la plate mbili inafukuza moto kutoka kwenye bana na inaweza kuchomoa mpira. Kwa sababu hiyohiyo, usitoe mpira kwenye mtungi wa kilo 6 kwa kuunga juu ya bana yake: bana ile haina regulata, inatumia mgandamizo wa mtungi wenyewe, ndiyo maana ina tundu dogo sana na sauti kubwa.

Regulata ina tundu dogo la kupumulia juu au ubavuni. Likizibwa na rangi, grisi au udongo wa nyigu, moto hupanda na kushuka bila sababu. Safisha sehemu ya nje kwa brashi. Lakini ukipaka sabuni na kiputo kikatoka kwenye tundu hilo, ngozi ya ndani imepasuka. Regulata hiyo haifunguliwi, haitengenezwi, haiuzwi. Ipige nyundo kabla ya kuitupa ili mwingine asiiokote.

Moto unawaka, nikiachia nobu unazima

Hii ni ya majiko yenye kinga, hasa oveni. Pembeni mwa bana kuna kijiti cha shaba, themokapo, kinachopaswa kupata joto ili kushikilia valvu wazi. Shikilia nobu sekunde 10 hadi 15 kabla ya kuiachia. Wengi huachia kwa sekunde 3. Ikizima bado, gesi ikiwa imefungwa na jiko likiwa baridi, sugua ncha ya kijiti taratibu kwa msasa laini, na uhakikishe moto unakigusa. Baada ya hapo ni kubadilisha kifaa, mwite fundi. Anayekuambia atakifunga ili "kisisumbue" anakuondolea kitu pekee kitakachokata gesi upepo ukizima oveni.

Kiwashio kisichotoa cheche kina sababu fupi zaidi: betri, au maji ya kuoshea. Kausha. Ukiwasha kwa kiberiti, njiti iwake kwanza ndipo ufungue nobu.

Gesi inaisha upesi

Fanya hesabu kwanza. Bana kubwa ya kilowati 3 ikiwa wazi kabisa hula gramu 220 hadi 230 kwa saa, kwa hiyo kilo 6 ni saa 26 hivi za moto mkali. Ukitumia saa moja na nusu kwa siku, ni siku 17 au 18. Nyumba inayochemsha maharage makavu bila kuyaloweka usiku haijaibiwa, imeyapikia.

Ukiona bado haiingii akilini, pima. Kwenye shingo ya mtungi kumeandikwa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi kwa herufi TW. Mfano, TW ikiwa kilo 7.2, mtungi wa kilo 6 uliojaa lazima usome 13.2. Pimisha dukani kabla ya kuubeba. Muuzaji anatakiwa kuwa na mizani, na anayekwambia mizani imeharibika kila siku amekujibu. Lakiri ya kwenye valvu iwe nzima.

Kama uzito ni sahihi, rudia jaribio la sabuni, kisha angalia moto: ukipita kando ya sufuria unapasha hewa ya jikoni.

Kuna bei rahisi ya kujazia mtungi kwenye mtungi, uchochoroni. Hasara yake si kupunjwa tu. Mtungi unaojazwa kihalali huachiwa nafasi juu, kwa kuwa gesi ya maji hutanuka ikipata joto. Uliojazwa hadi mdomoni hauna pa kutanukia. Usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lililipuka Embakasi, Nairobi, kwenye eneo la kujazia gesi lisilo na kibali, katikati ya makazi ya watu.

Mtungi unatoa jasho au umeganda

Gesi ya maji ikigeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye mtungi. Jasho ubavuni baada ya kupika muda mrefu ni kawaida, na mstari wake hukuonyesha gesi imebaki wapi. Katika baridi ya Njombe au Limuru moto unaweza kudhoofu asubuhi, hasa kama mchanganyiko una butani nyingi, ambayo chini kidogo ya nyuzi 0 haigeuki mvuke tena. Punguza idadi ya bana zinazowaka kwa pamoja. Usiuweke mtungi kwenye beseni la maji ya moto, wala juani, wala karibu na jiko la mkaa.

Barafu kwenye valvu au regulata pekee ni habari nyingine: gesi inatoka kwa kasi mahali hapo. Funga, pima.

Kichwa kinauma kila nikipika

Ukiwa na kizunguzungu, kichefuchefu au miguu kuisha nguvu, na ukipata nafuu ukitoka nje, usinywe panadoli na kuendelea. Moto usiokamilika hutoa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kile kinukishi hakikusaidii hapa, kwa sababu gesi imekwisha kuungua.

Zima jiko, toka nje na watu wote, watoto kwanza na aliyelala aamshwe. Mwenye kuchanganyikiwa au kuzirai apelekwe hospitali hata kama amezinduka, na madaktari waambiwe alikuwa kwenye chumba chenye jiko.

Sababu ya kwanza ni chumba chenyewe: kimoja, cha kulala na kupikia, dirisha limefungwa kwa sababu ya mbu. Tundu la hewa liwepo juu na jingine chini, na wala yasizibwe kwa gazeti. Sababu ya pili ni moto wa njano, rudi juu. Na jiko la kupikia lisitumiwe kupashia chumba joto usiku. Mashine ya gesi ya kupashia maji ya kuoga, inayozidi kuonekana Nairobi, haifungwi ndani ya bafu lisilo na bomba la kutolea moshi nje. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni mwanzo hadi mwisho.

Moto umewaka kwenye valvu au regulata

Kama unaweza kuifikia valvu bila kuungua, ifunge, mkono ukiwa umefunikwa kwa kitambaa kizito kibichi. Kama haufiki, usimwagie maji kuzima mwali huku gesi inatoka: gesi inayowaka unaiona, isiyowaka inajikusanya sakafuni. Toa watu, piga 114, au 999 ukiwa Kenya. Mtungi unaounguzwa na moto wa kitu kingine, kwa mfano pazia au kabati, usiusogelee kabisa. Joto hupandisha mgandamizo ndani, na kinga yake ikizidiwa mtungi wenyewe hupasuka.

Fundi akija

Mwonyeshe dalili, usimwambie ugonjwa. Muulize vipuri anavyoweka vina tarehe na alama ya shirika la viwango, TBS au KEBS, na regulata kuukuu aikuachie mkononi. Akimaliza, apake sabuni kila alipogusa mbele yako, mtungi ukiwa wazi na nobu zimefungwa, naye asubiri mapovu kwa nusu dakika. Anayetafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti mlipe nauli aondoke.